Nyumba Isiyokaa Mbwa

Kuna nyumba ambazo majirani wamekwisha kuzitolea hukumu: pale hapakai mbwa. Aliletwa wa kwanza, mnene, mchangamfu, akacheza siku tano. Siku ya sita akagoma kula. Akatapika povu la njano, akahara damu yenye harufu isiyotoka puani upesi, na kabla ya adhana ya alfajiri ya siku ya nane alikuwa amekwisha kufa. Mwenye nyumba akatafuta mwingine, safari hii mweusi, huenda mkosi ulikuwa wa rangi. Naye akaenda njia ile ile. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wapo wanaosema ni jicho la mtu. Wapo wanaomtazama kwa pembeni jirani aliyewahi kulalamikia kelele za usiku. Na wapo wanaoapa kwamba katika uwanja ule kumefukiwa kitu.

Hao wa mwisho wamekaribia ukweli kuliko wenzao wote. Kitu kimo uwanjani kweli, ila hakikufukiwa na mtu. Ni kirusi cha parvo, kilichoachwa na yule mbwa wa kwanza katika kinyesi chake, kikabaki kwenye udongo wa banda, kwenye nyufa za saruji, kwenye bakuli la chakula na kwenye soli za ndala. Mahali penye kivuli kinaweza kudumu miezi mingi, hata kufikia mwaka. Sabuni ya kufulia haikiwezi, kwa kuwa hakina lile gamba la mafuta ambalo sabuni hulivunja katika virusi vingine vingi. Jik hukiua: sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 30 za maji, juu ya sakafu iliyokwisha kusuguliwa ikatakata, iachwe dakika 10 ndipo isuuzwe. Kwenye udongo mtupu Jik haifui dafu, maana uchafu huimaliza nguvu kabla haijakifikia kirusi. Mwenye uwanja wa udongo aliyefiwa na mbwa kwa parvo hana budi kuvumilia miezi kadhaa, au alete mbwa mkubwa ambaye chanjo zake zimekamilika.

Parvo si ugonjwa wa enzi za mababu. Ulijitokeza 1978, ukiwa umechipuka kutoka kwa kirusi cha ukoo wa kile kinachosumbua paka, na ndani ya miaka kama miwili ulikuwa umeuzunguka ulimwengu. Wanaoathirika zaidi ni mbwa wa kati ya wiki 6 na miezi 6, na jamii zinazopendwa na wenye mageti makubwa mijini, German Shepherd na Rottweiler, ni miongoni mwa zile zinazoumwa vibaya kuliko nyingine. Tiba iliyopo kwenye zahanati nyingi za wanyama ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki za kuwazuia bakteria wanaopenya kwenye utumbo uliochubuka, na blanketi. Anayewahishwa siku ya kwanza ana matumaini. Anayepewa kwanza mafuta ya kula, kisha maji ya mwarobaini, kisha akaletwa siku ya tatu amelegea kama kitambaa, hana mengi ya kutumainia.

Linalouma ni kwamba mwenye nyumba wa namna hii mara nyingi si mzembe. Akiulizwa, huingia ndani akatoka na kadi. Mbwa alichomwa sindano, kibandiko cha chanjo kipo, na sahihi ya daktari ipo. Alichomwa akiwa na wiki 6. Ilikuwaje basi akafa kwa ugonjwa ule ule akiwa na wiki 9?

Jibu limo katika maziwa ya mama yake. Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu mtupu, bila kinga ya maana. Kinga yake ya mwanzo huipata katika dang'a, yale maziwa mazito ya siku ya kwanza, na utumbo wake huruhusu kingamwili hizo kupita kwenda kwenye damu kwa muda wa siku moja hivi tu, kisha mlango unafungwa. Mama aliyechanjwa, au aliyewahi kuugua akapona, huwarithisha wanawe akiba nzuri. Mama asiyekuwa na kitu hana cha kurithisha. Na hata ndugu wa tumbo moja hawagawani sawa, kwa sababu mwenye nguvu hunyonya kwanza na yule mdogo wa mwisho huambulia matone.

Akiba hiyo huisha. Kwa parvo, hupungua nusu kila baada ya siku 10 hivi. Hapo katikati hutokea kipindi kibaya, cha siku kadhaa au wiki kadhaa, ambapo kinga ya mama imedhoofika mno kumlinda mtoto dhidi ya kirusi halisi cha uwanjani, lakini bado inatosha kuiua chanjo kabla haijaufundisha mwili lolote. Ni kama mlinzi mzee ambaye hawezi tena kupambana na mwizi, ila bado ana nguvu za kumzuia askari asiingie getini. Mtoto mmoja hupita kipindi hicho akiwa na wiki 8, mwingine wiki 12, na wengine wachache hukivuka baada ya wiki 16. Kwa macho haonekani ni yupi yuko wapi.

Ndiyo sababu ya ile ratiba ambayo wengi huidhania kuwa ujanja wa daktari wa kutafuta hela. Chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, kinaelekeza chanjo ya mchanganyiko ianze kati ya wiki 6 na 8, irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho katika mfululizo huo itolewe mtoto akiwa na wiki 16 au zaidi. Kisha arudishwe tena akiwa na miezi 6 hivi, ili yule ambaye kinga ya mama ilimng'ang'ania kupita kiasi naye apate. Sindano zile hazirundikani nguvu juu ya nguvu. Kila moja ni jaribio la kumkuta mtoto siku ambayo mlango uko wazi. Kwa hiyo, kama fedha ya mwenye mbwa inatosha sindano moja tu, ile ya wiki 16 ina uwezekano mkubwa zaidi wa kushika kuliko ile ya wiki 6. Tatizo ni kuishi hadi wiki 16 bila kukutana na kirusi, na kwa mtoto anayezurura mitaani hilo ni bahati nasibu.

Kadi nyingi za chanjo katika miji yetu zina mstari wa kwanza uliojazwa, kisha mistari mitatu mitupu. Mtoto anaonekana mzima, bodaboda anadai nauli yake na ya mbwa, ada za shule zimefika, na sindano ya pili inaahirishwa hadi mwisho wa mwezi usiojulikana.

Safari ya kwanza kwa daktari wa mifugo ina mengi kuliko sindano, na daktari mzuri huanza na mdomo. Hulegeza taya kwa kidole, akatazama meno. Meno ya utotoni huanza kuchomoza wiki ya 3 au ya 4, na kufikia wiki ya 8 kwa kawaida yote 28 yamekamilika. Wachuuzi wanaouza watoto wa mbwa kando ya barabara za Nairobi, wakiwa wamewapakata mikononi kuwaonyesha wenye magari, wote wana jibu moja: ana miezi miwili. Meno husema vingine. Mtoto ambaye magego yake bado hayajatoka yuko mbali na miezi miwili, ametolewa kwa mama kabla ya wakati, na hakupaswa kuwa barabarani.

Kutoka kwenye meno kidole hupanda kwenye ufizi. Ufizi mzima ni wa waridi, na ukibonyezwa ukaachiwa, rangi hurudi ndani ya sekunde mbili. Ukiwa mweupe kama karatasi, mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo ya safura, inayokaa utumboni ikinyonya damu, na ambayo mama huwapitishia wanawe katika maziwa. Watuhumiwa wengine ni viroboto na kupe, kwa maana mtoto wa kilo mbili hana damu nyingi ya kugawa sadaka. Kisha tumbo. Hapa ndipo wenye mbwa wengi hujidanganya: tumbo la duara, ngozi imevutika, na mbavu zinahesabika. Watu husema ameshiba. Kwa kweli amejaa minyoo mikubwa ya duara, ambayo huvuka kutoka kwa mama hata kabla ya kuzaliwa.

Dawa ya minyoo haisubiri chanjo. Huanza mtoto akiwa na wiki 2, ikarudiwa kila wiki 2 hadi wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na mama naye atibiwe pamoja na wanawe. Hili si la mbwa peke yake. Mayai ya minyoo ya duara hukomaa katika udongo, mtoto wa mtu akayala kwa vidole, na mabuu yake yanaweza kutangatanga mwilini hadi ini au hata jicho. Mabuu ya safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya miguu iliyo peku na kuchora mistari myekundu inayowasha, jambo ambalo watalii wa fukwe za pwani huondoka nalo kama zawadi wasiyoiomba.

Dawa hupimwa kwa uzito. Daktari asiye na mizani ya wanyama humweka mtoto ndani ya ndoo juu ya mizani ya kupimia unga, akatoa uzito wa ndoo. Inaonekana kichekesho, lakini ni salama mara mia kuliko kukisia. Kwenye duka la dawa za mifugo kuna ivermectin iliyotengenezwa kwa ng'ombe wa kilo 300, na kuna dawa ya kuogeshea inayochanganywa kwa lita nyingi za maji. Tone la ziada ambalo ng'ombe hata halihisi linaweza kumtia mtoto wa mbwa mtetemeko, upofu wa muda na kifo. Muuza duka mwenye roho nzuri anayesema "mpe kidogo tu" hajui kidogo hicho ni kiasi gani.

Yote yakiwa sawa, ndipo sindano. Vichupa ni viwili: kimoja kina kidonge chepesi cha unga mkavu chini yake, kingine kina maji. Maji huvutwa, yakaingizwa kwenye unga, kichupa kikazungushwa polepole bila kutikiswa kwa nguvu, na mililita moja ikaingizwa chini ya ngozi iliyolegea mabegani. Mtoto hulia kidogo, au halii kabisa akiwa na kitu cha kulamba. Kisha kibandiko chenye namba ya toleo hubanduliwa kwenye kichupa na kubandikwa kwenye kadi. Kadi yenye mwandiko wa kalamu peke yake, bila kibandiko, inastahili swali moja au mawili.

Mchanganyiko huo una virusi hai vilivyodhoofishwa, na vinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye ngozi. Anayeinunua chanjo dukani akaitia mfuko wa shati, akapita sokoni, akanywa chai, ndipo akamtafuta kijana wa kumchomea, amenunua maji. Mtoto mwenye homa au anayehara naye hachomwi siku hiyo. Hutibiwa kwanza, akarudi.

Ndani ya mchanganyiko huo parvo ina wenzake. Mmoja ni distempa, kirusi cha ukoo mmoja na surua ya watoto wetu na sotoka ya ng'ombe, ile iliyotangazwa kutokomezwa duniani 2011. Undugu huo na surua ni wa karibu kiasi kwamba zamani madaktari waliwachanja watoto wa mbwa chanjo ya surua ya binadamu, kwa sababu kinga ya mama haikuitambua vizuri na hivyo haikuizuia. Distempa huanza na makamasi na tongo, ikaingia kifuani na tumboni, wakati mwingine ikazifanya nyayo kuwa ngumu kama soli, na mwishowe ikapanda kichwani: taya hutafuna hewa, misuli inarukaruka. Wengi huidhania kichaa.

Serengeti wanaijua. Mwaka 1994 simba wa hifadhi hiyo walianza kuanguka kwa kifafa mbele ya wageni, na takribani theluthi moja ya simba wote, kama 1,000, wakatoweka. Uchunguzi ulionyesha ni distempa, na vidole vikaelekezwa kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Baadaye, mbwa wa vijiji hivyo walipochanjwa kwa wingi, maambukizi kati yao yalipungua lakini kirusi kiliendelea kuwapata simba, ishara kwamba wanyama wengine wa porini nao wanakitunza. Mbwa wa kijijini hawezi kubebeshwa lawama zote. Lakini hiyo si sababu ya kumwacha bila chanjo, na Laikipia kule Kenya, ambako mbwa mwitu walifagiliwa na distempa 2017, hakuna atakayebishana sana juu ya hilo.

Mwenzake mwingine ni leptospira, bakteria wa mkojo wa panya. Watanzania waliujua ugonjwa wake kwa jina la homa ya mgunda, ulipozuka Ruangwa, Lindi, Julai 2022, na kuripotiwa watu 20 walioambukizwa, 3 kati yao wakafa. Mbwa anayelala ghalani au kunywa maji ya mfereji huupata, na huweza kuumwaga tena kwa mkojo wake nyumbani. Chanjo yake hutolewa mara mbili, kisha kila mwaka.

Na sasa kichaa cha mbwa, ambacho msomaji pengine alikuwa anakisubiri tangu mwanzo.

Kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, karibu wote kwa meno ya mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Kinga ipo, na ni ya zamani: sindano za Louis Pasteur alichomwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, Julai 1885, na tarehe aliyofariki Pasteur, 28 Septemba, ndiyo leo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kenya ilimthibitisha mbwa wake wa kwanza mwenye kichaa 1912, na 2014 ikajiwekea mpango wa kukomesha vifo vya watu kufikia 2030. Njia ni moja: kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka.

Kwa nini kila mwaka, hali kinga ya mbwa mmoja mmoja hudumu zaidi ya hapo? Kwa sababu mbwa wa vijijini kwetu hufa mapema na huzaa sana. Chanja kijiji kizima leo, na baada ya miezi 12 sehemu kubwa ya mbwa utakaowakuta hawakuwapo siku ile. Pemba ni mfano ulio hai. Baada ya kampeni zilizoanza 2010, kisiwa kiliukomesha ugonjwa 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje, ukawakuta mbwa waliozaliwa baada ya kampeni kulegea, na ilibidi kazi ianze upya hadi ulipoondolewa kwa mara ya pili 2018.

Hapa kuna kosa moja linalofanyika mchana kweupe, chini ya miembe ya shule, siku ya chanjo ya bure. Mtoto wa miaka 9 anakuja na kikapu, ndani yake wamo watoto watatu wa mbwa wamelaliana. Afisa anachungulia, anasema hawa bado wachanga, warudi wakifikisha miezi mitatu. Mtoto anaondoka na kikapu chake. Wakifikisha miezi mitatu, afisa na jokofu lake wapo wilaya nyingine, na hawatarudi mpaka mwaka ujao.

Afisa hakulitunga agizo hilo. Maelezo ya watengenezaji wengi wa chanjo yanataja wiki 12, kwa hofu ile ile ya kinga ya mama. Lakini watoto wengi wa mbwa wa vijijini wana mama ambaye hajachanjwa na hana cha kuwarithisha, na tafiti zilizofanywa kwa mbwa wa mitaani zimeonyesha kuwa wachanga wa chini ya miezi mitatu huitikia chanjo ya kichaa vizuri tu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza wachanjwe katika kampeni, wachanga nao. Chanjo hii ina kirusi kilichokufa, haiwezi kumwambukiza mtoto ugonjwa. Na ni ngumu kuliko ile ya mchanganyiko: majaribio ya chanjo moja inayotumika sana Tanzania yalionyesha kuwa ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi mitatu katika nyuzi 30, na watafiti nchini humo wamejaribu kuihifadhi vijijini kwenye vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji, bila umeme. Chanjo inayovumilia hivyo haina sababu ya kumkosa mtoto aliye kwenye kikapu.

Mabango ya kampeni yangepaswa kuandika waziwazi: wote, hata wachanga. Neno "miezi mitatu" libaki kwa daktari wa mjini mwenye uhakika kwamba mteja atarudi.

Lakini aliyechanjwa mchanga arudiwe. Mtoto aliyepata sindano ya kichaa 28 Septemba akiwa na wiki 6 anafikisha wiki 12 tarehe 9 Novemba. Siku hiyo hakuna mwembe wala kipaza sauti cha kuwaita watu, kwa hiyo mwenye mbwa ampigie simu mapema afisa mifugo wa kata, aulize kama chanjo ipo kwenye jokofu, na kama kuna jirani wengine wenye mbwa wa umri huo waandamane naye, kwa kuwa kichupa cha dozi 10 kikifunguliwa kwa ajili ya mbwa mmoja, tisa zinamwagwa.